Ndimu na Majivu

Mashine ya kutafutia vyuma ardhini niliinunua mimi. Miaka miwili nimeizungusha kila Jumamosi kwenye mchanga wa Kibenga, pale ziwa liliporudi nyuma, na nilichovuna ni vizibo vya bia, misumari na kifungo kimoja cha koti. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliiazima siku moja tu, nami nikamsindikiza. Nusu saa haikuisha. Akaibuka na bamba la shaba la duara, dogo kuliko kiganja, lenye ua lililochongwa katikati.

Niliona wivu. Nilitamani lirudi mchangani.

"Shemeki, we njo unajua hivi bintu," akaniambia, akinikabidhi kwa mikono miwili. "Hii ni nini?"

Nilikaribia kujua. Lilikuwa na matundu mawili ya misumari pembeni, kwa hiyo ni pambo la sanduku la mbao, yale ya wafanyabiashara wa zamani. Ndani ya ua yalibaki maji ya dhahabu, mpako mwembamba mno. Na mgongoni, chini ya kutu ya kijani, palikuwa na herufi ndogo za fundi. Zikisomwa hizo, pambo linajulikana lilikotoka. Katika daftari langu lote la vitu ninavyookota sina hata kitu kimoja chenye herufi za fundi.

"Kibati cha kabati," nikamjibu, nikamrudishia.

Nyumbani, Mutanga Sud, mke wangu alilipokea akaligeuzageuza mwangani. "Mudogo yangu iko na mukono ya bahati," akasema. Vizibo vyangu hajawahi kuvitazama mara mbili. Nikanuna, nikajifanya nasoma.

Mchana shemeji akakaa uani na ndimu iliyokatwa na bakuli la majivu, akaanza kulisugua jinsi wanavyosugua sufuria za harusi. Nilipaswa kusema neno moja tu: acha. Kila anayeijua kazi hii anajua kwamba kitu cha zamani hakisuguliwi, kinaoshwa kwa maji, basi. Nilikaa barazani nikimtazama. Kijani kikatoka, na dhahabu ikatoka nacho. Akageuza upande wa pili, akaongeza majivu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikajiambia, sasa tuko sawa.

Alipomaliza alilifuta kwa shati lake, akapanda barazani, akaliweka mkononi mwangu. Lilikuwa linang'aa kama kijiko kipya.

"Ni yako, shemeki. Mashini ni yako. Nilitaka itakate kwanza, sababu haiko muzuri kupatia mukubwa kitu buchafu."

Nililigeuza upande wa mgongoni, nikapitisha kidole pale zilipokuwa herufi. Palikuwa laini.

"Aksanti," nikasema, nikalitia mfukoni.

Jioni niliandika kwenye daftari: pambo la sanduku, shaba, halijulikani lilikotoka. Sababu sijaiandika mpaka leo, na yeye bado ananiletea kila anachookota, kikiwa kimeshasuguliwa.