Nabii, Jogoo na Unga wa Bibi

Nilipokuwa mtoto pale Magomeni, Mtwara, sikujua nimwogope nani zaidi: nabii aliyekuja mtaani na maspika yake, au bibi yangu, aliyeongea na wafu kwa unga wa mtama.

Nabii alimtabiria mama, akiwa mjamzito. "Utajifungulia nyumbani! Mkono wa daktari hautakugusa!" Mama akaitikia amina huku machozi yanamtoka kwa furaha, na kliniki hakukanyaga tena. Miguu ikavimba. Kichwa kikamuuma hadi akawa hataki mwanga. Tukaambiwa tufunge na tusimtie mashaka. Nilifunga kweli, jamani, ila nilikuwa nachungulia mlango wake kila mara.

Bibi, aliyemzaa mama, alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, chale usoni na rozari shingoni. Hakubishana na mtu. Jioni moja alimimina unga chini ya mkorosho wa uani, akauchonga kama kichuguu, akataja majina ya wazee wake. Kwao, unga ukilala salama, mambo ni shwari. Ukibomoka, hapo nyumbani pana hatari, ondokeni.

Alfajiri nilimkuta jogoo wa jirani anaula. Nikakimbilia ndani. "Bibi! Ni jogoo tu, nimemwona!"

"Na jogoo katumwa na nani?" akasema, huku anajifunga kanga. "Kamwamshe jirani atoe gari."

Mama akagoma. "Nabii kasema, mama!"

"Na wazee wamesema. Inuka, mwanangu."

Mama alikuwa amelelewa na unga ule. Hofu ikamwingia, akainuka.

Hospitali walitugombeza vibaya mno: presha ilikuwa juu, tungechelewa kidogo tu tungewapoteza wote wawili. Akapasuliwa asubuhi hiyohiyo. Mdogo wangu alipolia, bibi alikaa sakafuni akalia naye.

Leo mimi mwenyewe ni mchungaji. Cheka tu. Neno nalipenda, lakini nikisimama madhabahuni situlii, maana watu wananitazama kama mama alivyomtazama yule nabii. Nashuku hata kama unga ungelala salama, bibi angeupiga teke mwenyewe.

Jumapili iliyopita dada mmoja aliniletea mwanawe anachemka kwa homa. "Mchungaji, Bwana anasemaje?"

Nikasikiliza. Sikusikia kitu, na niliogopa sana.

"Twende hospitali," nikamwambia. "Nitaomba njiani."

Akaniuliza kama sina imani. Nilikuwa nimeshambeba mtoto.