Tulivyombeba Babu wa Reli

Asubuhi ile tuliyomtoa Babu Kagoma nyumbani Makere kumpeleka hospitali Kasulu bado ninaiona vizuri, ingawa kati yetu sisi tuliombeba tumebaki wawili tu, na mwenzangu masikio hayasikii tena.

Wakati ule, mwanangu, hapakuwa na bodaboda wala gari la wagonjwa. Mgonjwa alibebwa kwa ngobhi, ile machela yetu ya kusuka iliyofungwa kwenye miti miwili mirefu. Watu wanne wanaingia chini, wawili mbele na wawili nyuma, miti inakaa mabegani. Wengine wanafuata ili kupokezana. Na ukikutana na ngobhi njiani, hata kama unakwenda kuoa, unatua mzigo wako, unaweka bega kidogo, ndipo unaendelea na safari yako. Asiyefanya hivyo alijulikana kijiji kizima.

Babu Kagoma alikuwa baba yake baba yangu. Watu walimwita Babu wa Reli, kwa sababu alikuwa mmoja wa vijana wa Buha, nchi yetu sisi Waha, walioteremka Uvinza enzi za Mjerumani, reli ilipokuwa inatandikwa kwenda ziwani. Alikuwa anachechemea. Mguu wake wa kushoto haukuwa na vidole. Sisi tulizaliwa tukaukuta hivyo, hatukuwahi kuuliza.

Sasa tumbo lilikuwa limevimba na chakula hakipiti. Bwana dawa wa zahanati alituambia wazi: akiwahishwa akapasuliwa, anaweza kupona, akichelewa, basi. Kwa hiyo tuliondoka na mvua yetu ya manyunyu, baba mdogo akitembea pembeni na mwavuli, anamkinga mzee usoni.

Mbele kulia aliingia Bukuru, mtoto wa baba mkubwa. Bukuru alikuwa na kifua kipana, naye alikuwa anakijua. Mimi nilikuwa nyuma yake, nashika mti huo huo. Tulivyokwenda, wengine walibadilishana, lakini kila aliyekuja kumpokea Bukuru alifukuzwa.

"Toka hapa wewe. Nenda ukambebee mama yako kuni."

"Bukuru, tukuletee na majani ule huko huko?" mmoja akasema.

"Lete. Ng'ombe akila anapumzika, mimi nitakula nikitembea."

Watu wakacheka, na Bukuru akazidisha mwendo. Mimi nikamfuata. Kusema kweli sikuwa nimechoka, mwaka ule ungeweza kunifunga kwenye jembe la ng'ombe nikalima shamba lako.

Tulipoanza kuteremka kwenda kwenye kijito, njia ilikuwa tope jekundu linaloteleza. Nikaona mti wa kulia unatetemeka, na haukuwa unatetemeka upande wangu. Babu mle ndani aliusikia pia. Tangu asubuhi alikuwa hajasema kitu, anaguna tu. Sasa akafungua mdomo.

"Nani amechoka?"

Tukaendelea kuteremka.

"Nimeuliza, nani amechoka?"

"Hakuna, Babu," Bukuru akajibu. "Wewe lala tu."

"Wekeni chini."

Baba mdogo akainama. "Baba, hospitali bado mbali."

"Mkiniangusha hapa itakuwa mbali zaidi. Wekeni chini."

Tukaweka chini, hapo hapo kwenye tope, chini ya mwavuli. Na yule mzee, ambaye tulidhani hana pumzi hata ya kuomba maji, akatusimulia habari za mguu wake. Alisimulia kwa kukatakata, akipumzika katikati, nasi tumechutama tumemzunguka. Mimi ninakupa kwa mkato.

Reli ni chuma kirefu. Wanailaza kwenye mabega ya mstari wa watu, na pembeni yupo mwimbishaji. Yeye anaimba, wao wanatembea kwa wimbo wake. Akisema shusha, wanashusha wote kwa pamoja. Mmoja akiachia peke yake, uzito wake wote unamrukia aliye jirani.

Babu alikuwa na rafiki, anaitwa Sendegeya, mtu wa Busunzu. Walilala kibanda kimoja, wakila chungu kimoja. Asubuhi moja Sendegeya aliamka na homa. Babu akamwuliza, "Vipi?" Akajibu, "Nipo." Maana vibarua waliotoka kwingine walikuwa wanawatania Waha kwamba kazi wanayoiweza ni kula maharage. Sendegeya hakutaka kuwapa la kusema. Akaingia chini ya chuma. Jua lilipokuwa kali akaanguka, chuma kikamlalia kifuani, na ncha yake ikaangukia mguu wa Babu. Walimzika siku ile ile kando ya reli, na kabla jua halijazama kazi ikaendelea.

"Kidonda kilipofunga nikapanda huku juu kwenda Busunzu kumwambia mama yake," Babu akasema. "Nilitembea kwa fimbo. Yule mama hakulia mbele yangu. Aliniuliza, mwanangu alisema kwamba hawezi? Nikasema hapana. Akaniuliza, na wewe uliyelala naye hukumwona? Nikashika fimbo yangu, nikaondoka. Mpaka leo hii ananiuliza."

Babu alirudi kule kule kwenye reli, maana hakujua kazi nyingine. Kwa mguu ule hakuweza kubeba tena, wakamfanya mwimbishaji. Kwenye nyimbo zake zote akaweka swali moja: nani amechoka? Aliyejibu alitolewa, akaingia mwingine. Reli ikafika ziwani, na katika genge lake hakufa tena mtu chini ya chuma.

Babu alipomaliza akafumba macho. Kisha Bukuru akajifuta uso.

"Babu, mimi bega langu nimeliacha kule juu. Hili linalotembea ni jina tu."

Kijana mmoja akacheka.

"Huyo anayecheka," Babu akasema akiwa amefumba macho, "ndiye aingie hapo."

Akaingia, na kicheko kikaisha.

"Shikeni," Babu akaamuru. "Bado. Inua."

Mwanangu, kuanzia pale tulikwenda kama watu wengine. Kila baada ya muda sauti ilitoka ndani ya ngobhi, nani amechoka, na mtu akajibu mimi, akapokelewa bila maneno. Hata mimi nilijibu, mara moja. Tuliokutana nao njiani waliweka mabega, nao wakaulizwa na mgonjwa wasiyemjua, wakashangaa. Tulikwenda haraka kuliko asubuhi, na hakuna aliyeteleza.

Kwenye mwinuko wa mwisho, mabati ya mji tukiwa tumeshayaona, Babu hakuuliza. Tukatembea kidogo, kila mmoja akisubiri. Bukuru alikuwa anatembea pembeni, akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akaingiza mkono chini ya blanketi, kifuani kwa mzee, akakaa nao humo.

"Wekeni chini," akasema. "Taratibu."

Tukaweka.

"Tumechelewa?" Bukuru akauliza.

"Hamkumwangusha," baba mdogo akajibu. Akafunga mwavuli. Kisha tukamgeuza mzee wetu, tukaanza kurudi Makere.

Kesho yake, makaburini, tulishika kamba za kumteremshia. Bukuru alikuwa upande wa kichwani. Kabla hatujaanza akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Nani amechoka?" Jirani mmoja mtu mzima akasema, "Mimi, mkono huu." Akapokelewa. Ndipo tukamshusha, wote kwa pamoja.

Mimi shule niliiacha darasa la pili, na mashine hii ya kusaga hapa Kasulu niliipata kwa mgongo wangu, hakuna aliyenipa. Kwa hiyo sikufundishi uvivu. Mvivu hakai kwangu. Lakini jioni kila siku kabla ya kufunga ninawauliza vijana wangu swali lile, na anayemcheka mwenzake kwa jibu lake namwambia atafute kazi kwingine. Juzi dereva wangu alinipigia simu akiwa Manyovu na gari la maharage: mzee, usingizi umenizidi, siwezi kuendelea. Nikamwambia lala. Mfanyabiashara aliyekuwa anasubiri mzigo alinitukana vya kutosha. Nikamjibu, bwana, dereva amelala na gari lipo, wewe unataka nini tena?

Ninyi vijana wa leo mkiulizwa mnasema niko fiti, niko poa, na miguu inatetemeka. Ninakuambia wewe unayesoma hapa: mzigo unaoubeba na wenzako si wa kifua chako. Ukiona nguvu zinakwisha, sema mapema, kwa mdomo, wakati bado yupo wa kukupokea. Na ukiwa wewe ndiye mzima, usikubali "nipo" ya mtu anayetetemeka. Mtazame, umwulize tena. Mama wa Busunzu alimwuliza babu yangu swali ambalo sitaki wewe uulizwe.

Mungu akupe mgongo wa kufanya kazi miaka mingi. Na siku mgongo huo utakapokataa, akuweke karibu na mtu atakayekuuliza, nawe akupe ulimi wa kumjibu.