Kuku wa Kumuaga Nekesa

Nekesa Wakoli aliambiwa aombe msamaha Jumapili, katika ibada ya pili, mbele ya kanisa zima. Aliyempelekea habari ni Mzee Opicho, mdogo wa marehemu baba yake na mzee wa kanisa, mtu aliyemlea mtaani Shauri Moyo, Nairobi, tangu akiwa msichana wa shule ya msingi. Alimkuta sokoni Gikomba akipiga pasi sketi za mitumba, akasimama mbali kidogo na makaa ili asichafue koti.

“Utasema tu umekosa,” alimwambia. “Maneno mawili matatu. Mheshimiwa wa wadi atakuwepo, atasikia, na ufunguo wa ukumbi utarudi.”

“Nimekosa nini, Baba?”

“Mama, usinianze.”

Ukumbi huo ni wa mtaa, na ndimo Nekesa na wenzake walimokuwa wakifanyia mazoezi ya judo. Ulitiwa kufuli kwa amri ya ofisi ya mwakilishi wa wadi, siku mbili baada ya Nekesa kukosa nafasi katika timu ya taifa. Mkeka wao ulibaki ndani. Judo ni mchezo wa kumkamata mtu nguo na kumwangusha, na anayetaka kuujua lazima aanguke yeye kwanza, jioni baada ya jioni. Hakuna anayeangukia saruji mara mbili kwa hiari yake. Kwa hiyo sharti lilieleweka: Nekesa ajishushe hadharani, au klabu nzima ikose pa kuangukia.

Opicho alipoondoka, Wacera, mwenye kibanda na mwenye zile sketi, aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye bunda alilokuwa akilichambua.

“Kwani ulikula kuku wa watu?”

“Nilikula.”

“Alikuwa mtamu?”

“Sana.”

“Basi muombe msamaha kuku.”

Kosa la Nekesa lilikuwa gramu mia tatu. Ni uzito wa nyanya chache. Ili kueleza zilikotoka, ni lazima kwanza kueleza jinsi mtaa huu ulivyogundua kwamba una bingwa.

Alianza judo baada ya kumaliza sekondari. Kocha wake ni Jamil, fundi wa viti vya magari mwenye asili ya Lamu, aliyezaliwa Pumwani, ambaye alijifunza mchezo huo ujanani na hakupata mtu wa kumrithisha hadi alipoamua kufundisha yeyote atakayekuja. Mkeka waliutengeneza wenyewe. Jamil alikusanya mabaki ya sponji kutoka kwenye viti alivyovishona upya, wakayapanga sakafuni na kuyafunika kwa turubai la lori lililovutwa hadi likakaza. Kwa miaka yote hiyo mtaa uliwajua kama “watu wa karate.” Vijana walisimama mlangoni wakimwambia Nekesa, “Siste, vunja tofali tuone.” Alipowaambia kwamba judo haivunji tofali, walimuuliza basi inafanya nini, na kabla hajajibu walikuwa wameshaondoka.

Kila siku ya mechi kubwa ya Uingereza walifukuzwa. Phares, mtunza ukumbi, aliingia na skrini begani na kusema, “Kunjeni, kunjeni, watu wanaingia.” Walikunja. Hakuna aliyewahi kulalamika kwa niaba yao, maana walalamikaji wa mtaa wote walikuwa kwenye foleni ya kuingia kutazama mpira.

Kisha Nekesa akaenda Kampala kwenye mashindano ya kanda, akashika nafasi ya pili. Hilo lenyewe halikumshtua mtu. Kilichoushtua mtaa ni video fupi iliyopigwa kwa simu na Mganda mmoja, ambamo Nekesa anamwinua mpinzani aliyemzidi urefu na kumlaza chali kabla mtangazaji hajamaliza kutaja majina yao. Video hiyo ilifika Shauri Moyo, ikafika Dandora, ikarudi tena Shauri Moyo ikiwa imetiwa muziki. Katika juma moja, watu waliokuwa wakimwomba avunje tofali walianza kumwita bingwa wetu.

Katika nchi hii wakimbiaji wamefanya kazi nzuri kupita kiasi, na wanamichezo wengine wote wanailipia. Ukisema unakwenda kuwakilisha Kenya, mtu anakuuliza utaleta dhahabu ngapi, kwa sauti ileile anayoulizia mkate dukani. Hakuulizi mnafanyia wapi mazoezi. Hakuulizi kama mna daktari au mkeka. Mchezo ambao hajui sheria yake hata moja anajua tayari utaishaje, na ukiisha vingine, umemnyima kitu kilichokuwa chake.

Ilipotangazwa kwamba timu ya mashindano ya Afrika ingechaguliwa Jumamosi, mtaa ulishaamua kwamba Nekesa yumo. Ikaundwa kamati ya kumuaga. Mwenyekiti akawa Opicho. Mwakilishi wa wadi alialikwa, na kwa kuwa nafasi yake ilikuwa Ijumaa jioni peke yake, sherehe ikawa Ijumaa jioni.

Jamil alikwenda kwenye kikao cha kamati, akasimama katikati ya viti vya plastiki na kuwaeleza.

“Huyu msichana anapimwa uzito Jumamosi asubuhi. Ijumaa hatakiwi kula.”

“Anapimwa kwani ni mgonjwa?” aliuliza Opicho.

“Hapana, mzee. Kila mtu ana daraja lake. Yeye ni kilo hamsini na mbili. Akizidi, hachezi.”

Mama mmoja wa kamati aliyekuwa akigawa kazi za upishi alicheka. “Kocha, hebu fikiria. Akizidi si ndiyo atawalemea vizuri?”

Kikao kizima kikaangua kicheko.

“Jamil,” Opicho alimwambia kwa upole, “nyinyi mmezoea kufunga. Huku kwetu hatumtumi mtu vitani na tumbo tupu.”

Hakukuwa na ubaya ndani ya maneno hayo. Kwa Opicho, aliyebeba magunia ujana wake wote, nguvu ni ugali, na mtu anayekuja kumwambia kwamba nguvu zinapatikana kwa kukosa ugali ana mzaha au ana husuda. Mwishowe walikubaliana kwamba Nekesa atakaa meza ya mbele na glasi ya maji aiguseguse tu, na sahani yake itapelekwa nyumbani. Jamil aliridhika. Nekesa hakuridhika, lakini hakuwa ameulizwa.

Ijumaa mchana akina mama walimsuka rasta ndefu, wakisema bingwa haonekani kwenye kamera na kichwa kama cha mtu aliyetoka kulima. Jioni hema lilisimamishwa kati ya safu mbili za nyumba. Mwakilishi wa wadi alizungumza muda mrefu kuhusu maendeleo na akalitaja jina la Nekesa vibaya mara zote. Aliahidi mkeka wa kisasa. Aliahidi dhahabu pia, ingawa hiyo haikuwa yake kuahidi.

Halafu Opicho akasimama na bakuli la kuku.

Kwao, firigisi ya kuku haiendi kwa yeyote. Ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye mwenye nyumba ameamua kumpandisha juu yake mwenyewe. Mwanamke huisafisha, huipika, huiweka juu ya nyama ionekane, na hapo kazi yake inaishia. Maisha yake yote Opicho hakuwahi kumpa mwanamke firigisi, wala mkewe, wala mama yake mzazi. Sasa aliinua ile ya jogoo mkubwa kuliko wote, akasema kwamba kaka yake hakuacha mtoto wa kiume lakini ameacha huyu, na akaiweka kwenye sahani ya Nekesa. Machozi yalikuwa yakimtoka.

Nekesa aliangalia upande wa Jamil. Jamil aliangalia chini.

Aliila. Baada ya firigisi, mtu alimletea ugali wa wimbi, kwa sababu firigisi hailiwi kavu. Baada ya ugali, mwakilishi wa wadi alifungua soda kwa mkono wake, akampa na kusubiri anywe ili apigwe picha. Baadaye watu wamempa sababu nyingi, heshima, woga, shinikizo. Yeye mwenyewe hutoa nyingine fupi zaidi. Tangu Alhamisi hakuwa ametia kitu mdomoni isipokuwa maji ya kulowesha ulimi, na kuku alinukia.

Asubuhi mizani ilisoma gramu mia tatu juu. Alivua alichoweza kuvua. Alirukaruka ndani ya koti la plastiki mpaka miguu ikakataa. Alitema mate kwenye kopo. Mwishowe Jamil alichukua mkasi na kumkata zile rasta karibu na ngozi, zikaanguka sakafuni, na mwanamke aliyesimamia mizani akasogeza macho karibu na tarakimu.

“Bado,” alisema.

“Ni kidogo sana,” Jamil alisema.

“Ndiyo, ni kidogo. Bado.”

Nafasi ilikwenda kwa msichana ambaye Nekesa alikuwa amemwangusha kila walipokutana. Alirudi Shauri Moyo na kichwa kilichokatwa ovyo, akapita chini ya kitambaa chenye picha yake kilichokuwa bado kimetundikwa kati ya nguzo mbili. Kabla ya jua kuzama, kundi la simu la mtaa lilikuwa limeshatoa hukumu. *Amekula kuku wetu, kisha akala na nafasi yetu.* *Bingwa wa ugali.* *Hawa watu wa karate ni kazi bure.* Mwakilishi wa wadi aliandika kwamba amehuzunishwa na ukosefu wa nidhamu miongoni mwa vijana. Hakuna aliyeandika habari ya soda.

Jumapili ya kuomba msamaha, Nekesa alikwenda. Kanisa lilijaa kuliko kawaida. Mwakilishi wa wadi alikaa mstari wa mbele na mikono yake imekunjwa tumboni. Opicho alimwita jina, akamwachia nafasi.

“Namwomba msamaha Kocha Jamil,” Nekesa alisema. “Aliniambia nisile, nikala. Hayupo humu, nitamwambia huko nje.” Akautazama mstari wa mbele. “Nyinyi wengine, asanteni kwa chakula.”

Akarudi kukaa. Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamazishwa. Opicho alisimama akiwa ameshika kitabu cha nyimbo na kwa muda hakuonekana kukumbuka kilikuwa cha kazi gani. Mwakilishi wa wadi alitoka kabla ya sadaka.

Kwa hiyo kufuli ilibaki. Jamil alimwendea Phares akitaka angalau mkeka utolewe, kwa kuwa haukuwa wa kaunti wala wa wadi. Phares aliapa kwamba angekuwa yeye angefungua sasa hivi, lakini aliambiwa afungue kwa ajili ya shughuli za wananchi peke yake.

“Sisi ni akina nani?” Jamil alimuuliza.

“Kocha, unajua vile mambo iko. Usiniweke kwa shida.”

Shughuli ya wananchi ilikuja Jumamosi. Ilikuwa mechi kubwa, ukumbi ukafunguliwa, skrini ikatundikwa, watu wakajazana hadi madirishani. Sponji zilikuwa zimerundikwa ukutani, chini kabisa ya skrini, zimefunikwa kwa turubai. Kipindi cha pili kilipokuwa kikichemka, Nekesa aliingia na wenzake wa klabu. Hakumwomba mtu ruhusa. Alitembea hadi mbele, akavuta turubai, akakusanya sponji mikononi na kuanza kutoka nazo, akipita mbele ya skrini.

“We, toka mbele.”

“Huyu naye vipi? Dada, kaa chini.”

“Si huyo ni bingwa wa ugali?”

“Acha apite haraka, bana, kona inapigwa.”

Hakupita haraka. Alitoka, akarudi, akachukua nyingine. Wenzake walimfuata mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mzigo wake wa mabaki ya viti vya magari, na kila aliyepita alikata uwanja wa Uingereza vipande viwili kwa kivuli chake. Goli lilifungwa wakati Nekesa yuko katikati ya skrini. Nusu ya ukumbi haikuliona. Kelele zilizomwangukia hapo zilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupigiwa maishani, Kampala ikiwemo. Phares alimshika mkono, naye akautazama ule mkono. Phares aliuachia.

Nje, mkokoteni ulikuwa ukisubiri. Wacera alikuwa amewapa nafasi kwenye bohari lake la Gikomba, kati ya mabunda, kila jioni baada ya soko kufungwa, kwa sharti kwamba mtu asiangukie mzigo ambao haujafunguliwa. Opicho alikuwa amesimama kando ya mkokoteni. Alikuwa ametoka kutazama mpira, na hakuna aliyeweza kujua amesimama hapo kwa muda gani.

Alipokea mzigo kutoka mikononi mwa Nekesa na kuuweka juu ya mingine. Kisha akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya zamani, “Lakini hiyo habari ya kilo, mama, ungenieleza mapema, mimi mwenyewe ningewakataza.”

“Jamil alikueleza.”

“Jamil, ndiyo. Wewe ungesema.”

“Nilisema, Baba. Jumatano, ukinywa chai. Ukaniambia nimwachie Mungu.”

Ndani ya ukumbi watu walishangilia kitu. Nekesa alifunga kamba juu ya sponji, akakaza fundo kwa goti, akamwambia Jamil ashike upande wa pili. Mkokoteni ulianza kuteremka kuelekea Gikomba, na Opicho akabaki pale barabarani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aje wala abaki.