Gita la Besi Nyuma ya Mlango wa Sakristia

Besi inayosikika kwenye kanda ya kwanza ya kwaya yetu nilipiga mimi, Nashilu. Kwenye video anaonekana Efraimu, mpwa wa Ndesanjo, mwalimu wa kwaya. Efraimu hajui kupiga besi hata leo.

Nilijifunzia kwenye dumu la mafuta ambalo kaka yangu alilifunga waya za breki ya baiskeli. Shule sikupelekwa, nilikata majani ya ng'ombe, kisha nikaingia migombani na dumu langu. Lilikoroma vibaya. Mzee Eliasi, jirani yetu, akadhani ng'ombe wetu amevimbiwa, akaja na chupa ya magadi. Mama aliona heri ng'ombe anyweshwe kuliko kusema ni binti yake anapiga gita.

Usharika ulipopata gita la kweli, aliyejua kulipiga ni mimi tu. Wazee wa kanisa wakakataa msichana asimame nalo mbele ya watu. Ndesanjo akanificha sakristia, chumba cha mchungaji cha kuvalia kanzu, waya ukapita chini ya mlango. Tatizo ni kwamba mkono wake wa kuongoza kwaya sikuuona. Jumapili ya kwanza kwaya ilinyamaza, mchungaji akaanza kuomba, mimi naendelea tu. Kina mama wakaanza kuyumba. Wanasema mchungaji mwenyewe aliufuata mdundo mpaka amina.

Nje, kwenye mnada wa mazao ya sadaka, Mzee Eliasi aliniita.

"Kumbe wewe ndiye wa kunyweshwa magadi."

Watu walicheka, nami nikacheka.

Kanda tulirekodi Arusha mjini, nikapiga nyimbo zote. Siku ya video Ndesanjo alinipa kitenge, nikasimame na waimbaji. Gita akampa Efraimu, aliyelishika kama jembe. Nikamuuliza kwa nini.

"Mungu anajua aliyepiga, Nashilu. Inatosha."

"Basi na jina lako tulitoe kwenye kanda, mwalimu. Mungu analijua."

Hakulitoa.

Mwaka huu kwaya ilifanya jubilei, video ikaonyeshwa ukutani. Vijana walimwomba Efraimu awapigie kidogo. Akasema mgongo unamuuma. Mimi nilikuwa nagawa pilau.

Ndesanjo sasa ni mzee. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, na nikimkumbusha suala la besi anasema tutaliangalia. Sitaki zawadi wala cheti. Ananidai heshima na ninampa. Mimi namdai sentensi moja, aiseme kanisani baada ya matangazo, Efraimu akiwa amekaa pale: besi ile alipiga Nashilu.