Siku Mama Alipofika Nikiwa Nimeshamzika

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, nimezoea, ila aibu hii nimeisugua miaka na bado iko kwenye ngozi.

Nilikuwa nimefungwa Nakuru mara ya pili (mara ya kwanza nilipotoka niliona haya kwenda nyumbani, nikazungukazunguka Kariandusi, Gilgil, Molo, kibarua hapa kibarua pale, mpaka mikono ikarudia vitu vya watu). Safari hii nikaingizwa kwenye kikundi cha mazungumzo. Tulikaa kwa duara, na mshauri wetu, Madam Chebet, akatuambia wengi wanaorudi jela ni wale wasio na pa kwenda wakitoka, kwa hivyo kila mmoja aseme kinachomzuia kurudi kwao. Wafula, jamaa mkubwa kama mlango, akalia kama mtoto kwa ajili ya mke aliyemwacha, halafu zamu ikawa yangu, na mimi, badala ya kusema sina neno, nikasema, "Mama yangu amefariki."

Mama alikuwa nyumbani kwetu Sachangwan, mzima, akilima viazi.

Ajabu ni kwamba machozi yalikuja yenyewe. Wakaniombea, wakaniimbia, jioni huyu akaniletea sabuni na yule sukari, hata zamu yangu ya kusugua choo ikachukuliwa. Na kila tulipokutana waliniuliza mazishi yalikuwaje, nami naongeza: mvua, matope, jeneza (nilimzika na sweta yake ya kijani, eti aliipenda), mpaka lile kaburi nikaanza kuliona mwenyewe.

Siku ya familia kututembelea ikafika. Kina mama wamejaa uwanjani na vyakula, mimi nimekaa pembeni na kikundi changu, wananiliwaza, mara afande akaniita.

"Wewe! Mama yako amekuja."

Wafula akaruka. "Afande, chunga mdomo, huyu amefiwa."

"Amefiwa na nani? Si huyu hapa na viazi vyake?"

Na kweli alikuwa yeye, na sweta ya kijani.

"Karibu, Mama," Wafula akasema. "Sisi... sisi tulikuombea."

"Asanteni, wanangu. Mliniombea nini?"

Wafula, ambaye hajui kudanganya, akajibu polepole, "Ulale mahali pema, Mama."

Kuna mtu nyuma alicheka, halafu akanyamaza. Mama akanigeukia.

"Ulisema nimekufa?"

"Ndio, Mama."

"Na ulinililia?"

"Alilia kutushinda wote," Wafula akasema, akidhani ananitetea.

Mama akaweka kikapu chini. "Na mimi nimekuja kukuambia nimepaka chumba chako chokaa. Safari hii usinipite."

Madam Chebet akasogea, akaniuliza taratibu kama kuna jambo ningependa kumwambia mama. Lilikuwepo. Kumlilia mama aliyekufa niliweza. Mama anayeningoja, tena baada ya kumpita mara ya kwanza bila hata kumjulia hali, huyo sikuweza kumtaja mbele ya watu. Nilifungua mdomo, ukabaki wazi hivyo. Mama alingoja. Akangoja tena. Kisha akakaza kitambaa chake kichwani, akasalimia kikundi kizima kwa mkono, mmoja mmoja, mimi akaniruka, akaenda.

Tulipokutana tena nilisema yote, bila chozi hata moja. Hakuna aliyenipa sukari. Wafula ndiye aliyesema, "Hayo ndiyo ungesema siku ile mama alipokuja, ndugu yangu."

Nilipotoka nilienda moja kwa moja Sachangwan. Mama alifungua, akasimama mlangoni, akaniangalia, kisha akasogea nipite. Sijaiba tena, na nimeapa sitamzika tena mtu aliye hai ili nionewe huruma. Lakini ile siku hatujawahi kuitaja. Jioni tunamenya viazi, yeye upande huu wa sufuria na mimi upande ule, nami nangoja mtu aniulize kama kuna jambo ningependa kusema, na nyumba ile haina mwingine ila sisi wawili.