Kibuyu cha Bibi

Kwenye karakana yetu ya vipodozi, mtaani Kinyinya, tunachuja samli ya ng'ombe mpaka harufu iishe, maana wateja wanataka krimu inayonukia maua. Leo asubuhi nilifungua ndoo mpya, na harufu ile ya maziwa na moshi ikanirudisha utotoni, nyumbani Gahanga, kwenye mkeka wa bibi.

Bibi alijipaka samli kila siku kutoka kwenye kibuyu alichoachiwa na mama yake. Kibuyu hicho hakikuoshwa, kilifukizwa tu kwa majani makavu. Alisema harufu ya mama yake bado imo humo.

Siku moja alikwenda misa, nami nikataka kumfurahisha. Nilimimina samli kwenye bakuli, nikakisugua kibuyu kwa sabuni ya unga.

Aliporudi alikinusa. Akakinusa tena.

"Bibi, nimekisafisha."

"Naona, mwanangu. Kimetakata kweli."

Akaniketisha mapajani. Akachota samli ya kwenye bakuli, akanipaka usoni, shingoni, nyuma ya masikio, polepole, mpaka ikaisha yote. Kisha akafumba macho, akaweka pua yake shingoni mwangu, na hakuitoa upesi.