Gari la Jua la Shemeji Deo

Niliondoka Mbeya kumfuata mdogo wangu, Neema. Mimba yake ilikuwa imefika ukingoni, uzazi wa kwanza alipasuliwa, na daktari alishamwambia asogee mapema Sumbawanga, karibu na hospitali. Mumewe Deo, fundi wa kuchomelea, akagoma. "Akalale kwa watu, na gari ninalo?" aliniambia kwenye simu. Gari lenyewe kalitengeneza kwa mikono yake, linatumia jua. Mimi nauza vifaa vya sola, siambiwi kitu kuhusu jua. Nikafunga mzigo nimenuna.

Laela, asubuhi, basi lilisimama tukashuka kunywa chai. Baridi ya Ufipa mwezi wa sita, we acha tu! Jirani yangu wa kiti, mnunuzi wa mahindi, alicheka niliposema ninakokwenda. "Gari la jua? Masika je?" Nikamweleza kwamba hata katika nchi za wenzetu wanaoyatengeneza, paneli za juu ya paa huongeza mwendo kidogo tu, kinacholisukuma gari ni betri. Lakini gari jepesi la kijijini, lisilo na haraka, mbona litawezekana siku moja. Nikajishangaa, namtetea Deo.

Mwimbi, jioni, Deo alinipokea na gari lake: magurudumu ya pikipiki, viti vya bajaji, paneli zimelazwa juu kama meza. "Panda shemeji, uone maajabu!" Likaondoka kimya kimya. Alinizungusha kwa shangazi zake wote, watoto wakitukimbiza, na jamani, nilicheka mpaka hasira ikaniisha. Tulipofika kijijini kwao chaji ilikuwa imeshuka mno. "Kesho litashinda juani. Keshokutwa alfajiri tunaondoka na Neema," akasema. Nami nikakubali.

Siku iliyofuata Deo alikwenda shambani. Mimi na Neema tulishinda ndani tukikunja nguo za mtoto, mama mkwe wake akiwa na kazi zake uani. Baada ya chakula cha mchana uchungu ukaanza, kabla ya siku zake. Jirani akatoka mbio kumwita Deo.

Tulipomtoa Neema nje, Deo ameshafika, amesimama tu. Juu ya paneli zote palikuwa pametandazwa ulezi. Mama yake Deo aliuanika tangu asubuhi. "Hapa pana joto, hapana mchanga, na kuku hawafiki," alituambia. "Ni wa uji wa mzazi." Deo akatazama mshale wa chaji, akamtazama mama yake. Kisha akaukusanyia ulezi kwenye kanga. Nilipotaka kufoka, akanikanyaga mguu.

Gari jingine pale hakuna, na Neema hakuweza kukaa kwenye pikipiki. Tukaondoka hivyo hivyo.

Mwinukoni, hata Mwimbi hatujafika, likazima. Tulisukuma, Neema akilia ndani. Jua lilikuwa linawaka, anga halina wingu, na betri haina kitu. Nililichukia lile jua, Mungu anisamehe. Tulikaa sana pale kabla lori la mahindi halijatubeba.

Sumbawanga, hospitalini, Neema alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume.

Kurudi, Deo alinisindikiza stendi. Aliuliza kama avunjevunje lile gari auze vyuma. Nikamwambia asilivunje. Magari haya yatakuja tu, yawe ya kwake au ya wengine, na kijiji kama chao ndicho kinayahitaji. Safari hii imenifundisha kwamba chombo kipya lazima kwanza kieleweke nyumbani kinapolala. Deo alikitangazia kijiji kizima. Hakumwambia mama yake kwamba zile paneli zikifunikwa hazifanyi kazi. Na mimi muuzaji sikufikiria kumwambia.

Tukiwa bado tumesimama, mama yake akashuka kwenye gari la Mwimbi, chupa ya uji mkononi, macho yamevimba. Nilimwamkia, akanipa pole, nikampa pole. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Lile gari lilikuwa na nini, baba?"

Nikafungua mdomo. Deo, aliyelisifia lile gari Ufipa nzima, akaniwahi.

"Bovu, mama. Nililitengeneza vibaya."

Akampokea chupa, akamshika mkono, wakavuka barabara kwenda hospitalini kwa Neema.